Mukono wa Mupwa

Umekwisha kuona muntu anaiba jogoo muchana kweupe, mbele ya macho ya mwenye jogoo, huku anacheka na kungojea wamupigie makofi? Kama hujaona, sogea karibu na moto ukae vizuri, maana hiyo njo namna Agathe aliingia Masisi.

Ilikuwa mwaka ule wa mwisho wa vita ya wazungu, kidogo baada ya Noeli. Agathe alikuwa na miaka kumi na tano, mutoto wa Kibua, kule chini katika pori la Walikale, ambako jua linafika chini kwa vipande vipande kama unga unaopita katika chekeche. Vita yenyewe, hakuna muntu wa Kibua aliyeiona kwa macho. Lakini ilikuwa inakula. Ilikula chumvi dukani, ikakula sabuni, ikakula vikwembe vya kuvaa, na mwisho ikakula wanaume: Leta, ile serikali ya wazungu, ilitaka mupira, ule mupira wa porini unaotoka katika kamba za miti, kwa ajili ya magurudumu ya mitukari ya waaskari. Baba ya Agathe akaenda katika kambi ya mbali kukata mupira. Mama yake akasema atamufuata, maana muntu akikata mupira tangu asubuhi mpaka mangaribi, nani atamupikia? Na mutoto mwanamuke wa umri ule hawezi kubakia peke yake nyumbani. Basi mama akamufungia nyama ya kukausha katika majani, akajaza kibuyu kimoja mafuta ya mawese, akatafuta wachuuzi waliokuwa wanapanda kwenda Masisi, akamukabizi kwao.

"Unaenda kwa kaka yangu Straton," mama akamwambia. "Ye njo fundi wa kushona wa pale poste, penye ofisi ya Leta. Na usikilize vizuri: mupwa hanyimwe. Siku ya kwanza unaingia kwa mujomba na umekwisha kuwa mukubwa, unashika kitu kimoja na mukono wako, kile unapenda, na unapaza sauti: 'Nimeshika, ni ya mama yangu!' Kile umeshika ni chako. Mara moja tu katika maisha."

"Na nikisalimia kwanza?"

"Ukisalimia kwanza umekwisha kuwa mugeni. Mugeni anapewa maji ya kunywa. Mupwa anashika! Mujomba yako atajifanya amekasirika, atakukimbiza. Usiogope, njo muchezo wenyewe."

"Mama, na nyumba yake nitaijua namna gani kama siwezi kuuliza?"

"Mulango wa bluu. Mapadri walimupa rangi walipomaliza kupaka madirisha ya kanisa. Hakuna mulango mwingine wa bluu katika Masisi yote."

Mama hakudanganya. Siku alipopata ile habari, mulango wa bluu ulikuwa mumoja kweli. Lakini katika mukebe rangi ilibakia kidogo, na Straton alikuwa muntu asiyependa kuona kitu kinakauka bure. Akamupa jirani yake, Papa Hakorimana, muntu wa ngombe chache na maneno mengi, aliyetoka Rwanda miaka michache iliyopita pamoja na wale Leta iliwaleta katika milima ya Masisi. Hakorimana naye akapaka mulango wake. Habari hiyo ya pili haikufika Kibua.

Njia ilipanda, ikapanda tena. Pori likabakia nyuma, miti ikapungua, na mbingu ikaonekana yote kwa mara moja, kubwa mupaka Agathe akaona haya kidogo, kama muntu aliyevuliwa kofia. Halafu baridi. Asubuhi kinywa kilikuwa kinatoa moshi bila tumbako. Na pale juu ya majani ya mulima akaona nyama kubwa kubwa zinatembea polepole, na pembe zao, bila kukimbia muntu.

"Nyama zote hizi," akauliza wachuuzi, "na hakuna muntu hata mumoja anazirushia mukuki?"

Wachuuzi wakacheka mupaka mumoja akatua muzigo wake chini. "Mutoto wa pori! Hizo ni ngombe. Ukitupa mukuki hapa, utalala katika gereza ya Leta."

Wakamuacha asubuhi moja penye njia inagawanyika, karibu na miti ya eukalipto, katika ukungu. "Poste njo hapa," wakasema, wakaendelea na mizigo yao. Agathe akatembea hatua kidogo tu, na katikati ya ukungu akaona: mulango wa bluu.

Katika lupango, ndani ya ua wa nyumba, hakukuwa muntu. Kulikuwa jogoo. Alikuwa mwekundu, mukia wake mweusi wenye kungaa kama mafuta, amesimama juu ya kinu kilichogeuzwa kama chifu juu ya kiti chake. Agathe akatua kitunga, akakaza kikwembe, akajikumbusha asisalimie muntu yeyote, akaruka.

"Nimeshika! Nimeshika, ni ya mama yangu!"

Papa Hakorimana akatoka nyuma ya nyumba, kibuyu cha maziwa mukononi. "Yewe! Ya mama yako namna gani? Ile jogoo ni yangu!"

Agathe akacheka kwa furaha. Muchezo umeanza. "Mujomba, usijifanye! Nimeshika!"

"Mujomba wa nani?"

"Wangu!"

"Mukasine!" Hakorimana akaita muke wake. "Mukasine, toka uone! Kuna mwizi hapa anasema miye ni mujomba yake!"

Mukasine akatoka anafunga kitambaa cha kichwa. Akamutazama Agathe juu mupaka chini, akageukia bwana yake. "Kumbe uko na dada ulinificha?"

Basi Hakorimana akashika fimbo, Agathe akakimbia. Wakazunguka nyumba, jogoo analia, maziwa yanamwangika, imbwa anawafuata wote wawili bila kujua yuko upande wa nani. Majirani wakatoka. Wakaona muzee anakimbiza binti, binti anakimbia na kucheka, wakacheka nao. Agathe moyoni akasema: Masisi ni pazuri, mama hakuniambia watanipokea na watu wote hivi!

Katika lupango ya pili, nyuma ya ua wa matete, Papa Straton alikuwa kwenye barza yake, kipimo cha nguo shingoni, uzi katika meno. Akasikia yale maneno. Katika Masisi hakuna muntu aliyekuwa anayatamka. Mara ya mwisho aliyasikia, yalitoka katika kinywa chake mwenyewe, akiwa kijana, alipomushikia mujomba yake imbwa wa kuwinda. Uzi ukaanguka. Akaruka ua.

"Simama, jirani! Usimupige! Huyu ni mutoto wa dada yangu!"

Agathe akasimama na jogoo kifuani. Akamutazama muntu mwenye fimbo, akamutazama muntu mwenye kipimo. Yule wa pili alikuwa na paji la uso la mama yake, lile lile, na njia ile ile ya kukunja jicho moja. Kicheko kikamutoka polepole, kama maji katika kibuyu chenye tundu.

"Mulango wa bluu..." akasema.

"Hata wangu," akasema Straton, akaonyesha nyuma ya ua. Halafu akaanza kucheka yeye, mupaka akajishika magoti.

Walipokwisha kunywa maji, Straton akaeleza desturi. Hakorimana akasikiliza na kichwa kando. "Desturi nzuri sana," akasema. "Inanipendeza. Lakini jogoo ni yangu."

"Ni yako," Straton akakubali. "Lakini neno limekwisha kutoka, halirudi kinywani. Mutoto ameshika kwa jina langu. Basi nitakupa kuku yangu ya madoadoa, na jogoo abakie na huyu." Akamugeukia Agathe. "Na weye, haki yako imekwisha. Umeshika, umepata. Sawa?"

"Sawa, Mujomba," akasema Agathe. Alikuwa na jogoo. Muntu anataka nini tena katika dunia?

Katika watu wote waliokuwa pale, mumoja tu hakucheka. Ni Mama Adelaïde, muke wa Straton. Kuku ya madoadoa ilikuwa yake. Aliilea tangu kifaranga, wakati wa baridi kali alikuwa anaibeba katika kitambaa cha kichwa, na ilikuwa inataga bila kupumuzika. Hakutukana, hakulia. Alisema neno moja:

"Karibu, mutoto. Maji ya kunywa iko pale."

Agathe akaelewa vizuri kwamba amepokewa kama mugeni.

Lakini mangaribi ya siku ile ile alisahau jogoo, akasahau hata baridi. Kwenye barza kulikuwa kitu kimefunikwa na shuka ya zamani kama mutoto aliyelala. Straton akafunua. Mashini ya kushona: nyeusi, na maua ya zahabu yaliyofutika pale mukono unapita kila siku, gurudumu kando, na chini sahani ya chuma ya kukanyaga. Straton akakaa, akaweka miguu, akakanyaga. Tatatatatata! Kule Kibua Agathe alisikia mvua juu ya majani ya ndizi, alisikia ndege anayegonga miti, alisikia ngoma za kila namna. Hakusikia kitu kinachokwenda mbio hivi na kunyooka hivi. Vipande viwili vya gunia vikaingia upande huu, upande ule kikatoka kipande kimoja.

"Mujomba, haiumi?"

"Nini?"

"Hiyo gunia."

Straton akacheka. "Ikiuma, inanyamaza. Inaumia kwa faida." Halafu akasimamisha gurudumu na mukono wake, akaonyesha kwa kidole bila kugusa. "Unaona hii shindano ya kushonea? Iko moja. Zingine zilivunjika. Zinatoka Bulaya na mashua, na vita imefunga njia. Hii ikivunjika, mashini yangu inakuwa meza."

Njo maana hakuna muntu aliyekuwa na ruhusa ya kugusa. Kila mangaribi Straton alikuwa anafungua ile shindano, anaipanguza na mafuta, anaichoma katika kipande cha musumaa, na musumaa anautia katika kamukebe kadogo ka bati, na kamukebe katika mufuko wa shimizi, shati lake. Hata kanisani alikwenda nayo.

"Miye amekwisha kunisahau kanisani siku ya Pasaka," Mama Adelaïde alikuwa anasema. "Shindano, hajaisahau hata mara moja."

Maisha ya Agathe yakaanza namna hiyo. Maharagi na fufu, ule ugali wa pale, asubuhi, fufu na maharagi mangaribi. Akajifunza kulima katika mulima bila kuteremuka na jembe lake. Akajifunza kwamba katika Masisi muntu anakusalimia kabla ya kukuuliza, na kwamba hawashiki kuku za watu. Hilo watoto wa jirani walimukumbusha kila siku. Walikuwa wanamuita Mama Jogoo. "Mama Jogoo, mujomba yako mwingine iko wapi?" Yeye alikuwa anajibu: "Njo ninamutafuta. Kwenu kuna mulango wa rangi gani?" Wakaacha.

Vitambaa vipya havikuwa. Straton aligeuza kola za mashimizi, upande ulioisha ukaenda ndani. Suruali ya muzee ikawa kaputula ya kijana, kaputula ya kijana ikawa mufuko wa chumvi isiyokuwako. Zaidi ya yote alishona magunia ya pireta, yale maua meupe ambayo wazungu walilimisha katika milima, wanayakausha na kuyapeleka mbali.

"Vita gani wanapigana na maua?" Agathe akauliza.

"Banayasaga unga," akasema mujomba. "Ni ya kuua chawa za baaskari."

"Basi chawa za Masisi zinangojea zamu yao," akasema Mama Adelaïde, akajikuna.

Kazi ya Agathe ilikuwa kufungua. Magunia ya zamani, nguo zilizokufa, yeye anakaa kwenye ngazi ya barza na kuvuta uzi polepole usikatike, kisha anauzungusha juu ya kigunzi cha mahindi. Uzi ule ule mujomba atautumia tena. Kwa kufungua, akaona mambo mengi. Aliona kwamba mushono ni nyuzi mbili, moja ya juu na moja ya chini, zinashikana katikati kama watu wanaosalimiana. Aliona mahali fundi alichoka, na mahali aliita muntu njiani huku anashona. Na bila yeye kujua, miguu yake ikaanza. Kisigino chini, vidole chini, kisigino, vidole. Anachagua maharagi, miguu inakanyaga. Anakula, miguu inakanyaga. Kanisani, katikati ya Baba Yetu, miguu inakanyaga.

"Miguu yako inaenda wapi?" Mama Adelaïde akauliza.

"Hakuna mahali, Mama."

"Inaenda mbali, kwa mbio ile."

Kila muntu akawa na maelezo yake. Mukasine alisema mutoto anatamani ngoma za kwao. Hakorimana akatikisa kichwa: "Binti akitikisa miguu na amekaa, anataka bwana. Nitamutafutia muntu mwenye ngombe." Agathe akasema kama ni hivyo, amutafutie ngombe peke yake, bila muntu. Straton, yeye, alifikiri ni baridi. Akamushonea sketi ya magunia mawili, moja ndani ya ingine. Ilikuwa na joto kweli, lakini ilisimama peke yake kama kibanda.

Hakuna aliyeuliza sawasawa, na Agathe hakusema. Atasema namna gani? Mashini ilikuwa kazi ya wanaume. Shindano ilikuwa moja. Siku moja tu alikaribia. Mangaribi ile, waaskari wawili walikuwa wamekwisha kuchukua kaputula zao zenye viraka, na Straton akabakia kukunja kipimo chake.

"Miaka yote hii," akasema kama anazungumuza na mashini, "bantu bananiomba kaputula, bananiomba kiraka, bananiomba uzi. Hakuna hata mumoja aliniomba kazi yenyewe."

Agathe akafungua kinywa. Lakini mujomba aliinama kumaliza gunia moja, akafika penye mushono munene, na pale akaacha kukanyaga, akazungusha gurudumu na mukono, polepole, jicho moja limekunjwa, pumuzi imezuiliwa, mupaka shindano ikapita. Jasho lilikuwa juu ya paji lake, katika baridi ile. Agathe akafunga kinywa.

Na njo pale jogoo alianza kumuchukiza. Maana alifikiri: kama haki yangu ingekuwa bado, ningekuwa na kitu cha kushika. Mara moja tu katika maisha, na nilishika ndege!

Ndege mwenyewe hakuwa na habari. Usiku wa kwanza walimufunga kamba ya muguu karibu na mafiga. Kesho yake asubuhi alikuwa amekata kamba na kuruka ua, anawika juu ya nyumba ya Hakorimana. Agathe akamurudisha. Akakimbia tena. Walimurudisha mupaka wakachoka. Kwa Straton hakukuwa na kuku hata mumoja wa kumufurahisha, kwa sababu yule wa madoadoa alikwenda kwa Hakorimana! Mwishowe Agathe akamuacha alale anapopenda.

"Mbele nilikuwa na jogoo," Hakorimana alikuwa anahubiri juu ya ua. "Mupwa wangu akaja kuniiba, na sasa niko na jogoo na kuku. Muniletee wezi wengine!"

Lakini Mama Adelaïde hakupenda ule muchezo. Kila kuku ya madoadoa ikilia kule ngambo, yeye alikuwa anasimamisha kazi yake. "Sikiliza. Ile ni sauti yake. Ametaga." Agathe alikuwa anainamisha kichwa. Siku moja akachukua mawese yaliyobakia katika kibuyu cha Kibua, akatwanga sombe, majani ya muhogo, kama mama yake anavyotwanga, akapika mupaka moshi wake mwekundu ukajaza lupango, akaweka sahani mbele ya Mama Adelaïde. Mama Adelaïde akala. Akapanguza sahani na kidole. Akasema: "Hii si kuku." Kisha akasema: "Lakini inaelekea." Tangu siku ile akamuonyesha mahali anaficha chumvi.

Mvua za mwezi wa ine zikapita. Na asubuhi moja katika mwezi wa tano, katikati ya juma, watu wote wako mashambani, kengele ya misioni ikaanza kulia. Ikalia, haikunyamaza. Wengine walifikiri moto, wakakimbia na maji. Wengine walifikiri Padri amekufa, wakakimbia na rozari. Walipofika kanisani, Padri alikuwa muzima kabisa, anavuta kamba yeye mwenyewe, na ndevu zake zinapanda na kushuka pamoja na kengele. Vita ya Bulaya imekwisha! Wenye maji wakamwangiana maji. Hakuna muntu aliyerudi shambani siku ile.

Baada ya chakula cha muchana, wote wamekaa kwa Straton, ua ukafunguka. Papa Hakorimana akaingia amevaa koti yake ya kanisa, jogoo mwekundu chini ya mukono. Nyuma yake Mukasine na kitunga kichwani, na ndani ya kitunga sauti ndogo ndogo: piyo, piyo, piyo. Majirani waliokuwa wanapita wakasimama kutazama.

"Jirani," akasema Hakorimana, akakohoa kidogo kama mukubwa wa Leta. "Vita imekwisha. Bazungu banarudishiana inchi zao. Miye narudisha kuku."

Mukasine akatua kitunga. Kuku ya madoadoa ilikuwa ndani, munene, imekasirika, na vifaranga vinatoka chini ya mabawa yake kila upande. Mama Adelaïde akapiga magoti pale pale katika matope.

"Eh, mama yangu! Umekuwa mama!"

"Sikiliza neno langu," Hakorimana akaendelea, maana hakuna kitu kingemukatisha. "Jogoo alirudi kwangu kesho yake, na miguu yake. Kwetu, kitu kikirudi na miguu yake, hakikutoka. Basi huyu mutoto hakushika kitu. Alishika hewa! Na miye siwezi kula malipo ya hewa."

Straton akajikuna kichwa, akatazama jogoo, akatazama kuku. Kicheko kikaanza katika tumbo lake mupaka kikafika juu. "Ni kweli! Jirani amesema kweli. Basi haki yake iko muzima." Akasimama, akafungua mikono. "Agathe! Leo unajua lupango ni ya nani. Shika!"

"Isipokuwa huyu!" akalia Mama Adelaïde, akakumbatia kitunga. "Mukono wako usiguse huyu!"

Watu wakapiga makofi. Makofi ambayo Agathe aliyangojea siku ile ya ukungu yakafika sasa. "Shika mbuzi, Mama Jogoo!" "Shika kikwembe cha Mama Adelaïde!" "Shika Hakorimana, tumechoka naye!"

Agathe akasimama, akapanguza mikono katika sketi yake ya magunia. Akapita karibu na mbuzi. Watu wakasema aaa. Akapita karibu na chungu. Akapita Mama Adelaïde, aliyegeuza mugongo pamoja na kitunga. Akapanda ngazi ya barza, akafika penye mashini, akafunua shuka.

Kicheko cha Straton kikakauka. Hakusogea. Hakuwa na haki ya kusogea, maana mupwa hanyimwe, na kile ameshika ni chake. Mukono wake tu ulipanda polepole mupaka juu ya mufuko wa shimizi, pale kamukebe kalikuwa. Mama Adelaïde akageuka.

Mukono wa Agathe ulikuwa juu ya gurudumu, karibu mupaka alisikia baridi ya chuma. Ashike tu, apaze sauti, na mashini ni yake, na shindano ni yake, na hakuna muntu ataweza kumulaumu. Na mujomba atabakia na kipimo shingoni na barza tupu.

Akainua macho kumutazama, lakini aibu ikayashusha mupaka miguuni pake. Na pale akaona kitu. Muguu wa kuume wa mujomba ulikuwa unatikisika juu ya udongo. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Yeye mwenyewe hakujua.

Agathe akaondoa mukono. Akauweka nyuma ya mugongo, na ule mwingine pamoja nao, akavishika vidole vyake vyenyewe ili visikimbie. Muntu anayeshika hakataliwi. Anayeomba na kinywa anaweza kuambiwa hapana, na atarudi na hapana yake. Alijua.

"Mujomba," akasema, "kushika, sishiki. Mashini ni yako, ibakie yako. Shindano iko moja, najua. Naomba na kinywa tu, na ukinikatalia nitaendelea kufungua magunia, sitakasirika. Nataka unifundishe kushona."